Kitufe cha Bosi

Baba alipopigwa na kiharusi, ulimi ndio uliotangulia kumgomea, ukafuata mkono wa kulia. Fundi cherehani akabaki hana mkono, mpiga soga wa mtaa mzima akabaki hana neno.

Kitinda, binti yake wa mwisho, kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta. Mbele za watu hakulia. Alikaa chini, akamtengenezea baba programu ya kumsemea: unagusa picha, sauti inatoka. Kwenye kompyuta yake ilikwenda vizuri. Lakini mtu wa kulala kitandani alihitaji tableti, na iliyokuwepo nyumbani ilikuwa kuukuu, yenye prosesa, ule ubongo wa mashine, ya aina nyingine kabisa. Amri zilizoandaliwa kwa kompyuta haikuzielewa hata chembe, na kujiandalia zake haikuwa na nguvu. Ikabidi kompyuta ifundishwe kuandaa programu kwa ajili ya prosesa isiyo yake.

Kazi hiyo ilimtoa jasho. Akiziba hapa, panafumuka pale. Mara programu inakubali kuandaliwa, ikifika kwenye tableti inazimika. Mara inawaka lakini bubu, kumbe vipande vya sauti vya kompyuta vimejipenyeza mahali pa vile vya tableti.

"Pumzika, mwanangu, utaugua na wewe," shangazi alimwambia, huku akimbadilishia baba shuka.

"Nikipumzika, shangazi, baba atasemaje?"

Asubuhi moja ikakubali. Kitinda akamwekea baba tableti kifuani. Palikuwa na picha ya maji, ya choo, ya maumivu, ya asante, kisha sura za watu wa nyumbani. Yake aliiweka juu kabisa. Sauti zote alijirekodi mwenyewe, hakuwa na ya kuazima.

Kidole cha kushoto cha baba kikaipita sura ya Kitinda, kikashuka hadi kitufe cha chini kabisa.

"Bosi!" tableti ikaita kwa sauti ya Kitinda. "Bosi, mwanangu!"

Bosi ni kaka yake Kitinda, kifungua mimba, aliyehamia mji mwingine. Tangu baba augue hajatia mguu.

Shangazi akainamisha uso. Kitinda akatoka nje, akapiga simu.

"Bosi, baba ameongea."

"Acha utani! Kasema nini?"

"Amekuita wewe."

"Niko kikaoni, mdogo wangu. Nitapiga baadaye."

Aliporudi, baba alikuwa ameukodolea mlango macho.

"Anasema yuko njiani," Kitinda akamwambia.

Nusu ya uso wa baba ikacheka. Hapo ndipo Kitinda alipoumia zaidi.

Bosi hakupiga, wala hakuja. Baba akawa anaamka na kitufe kile, analala nacho. Maji aliomba kwa nadra, asante hakuigusa. Kitinda akiwa jikoni, husikia sauti yake mwenyewe ikimwita mtu mwingine.

Siku moja alifungua kompyuta, akafuta mstari wa kitufe cha Bosi, akaiandaa programu upya kwa ajili ya tableti. Safari hii ilipita bila kosa hata moja. Akaitazama ilivyokaa tayari, machozi yakimdondokea vidoleni. Hakuipeleka kwenye tableti.

Chumbani sauti ikaita tena: "Bosi, mwanangu!"

"Abee, baba," akaitika, akaenda kumgeuza ubavu.