Pamba ya Juu ya Paa

Jumamosi saa tatu asubuhi, Tereza wa Misungwi aliweka mzigo wake kwenye mizani ya kiwanda cha pamba, mtoto mgongoni. Dukani kwa Jasuben ulikuwa umepimwa ratili arobaini. Ratili moja, senti kumi. Na kodi ya mumewe ilibaki shilingi nne kamili. Tarishi wa mtemi alishasema: mwisho Jumatatu.

Karani Venant akaandika thelathini na nne.

Ratili sita zikanyesha juu ya paa la ofisi, polepole, kama kawaida. Ratili za namna hiyo zilianza kunyesha mwaka serikali ilipotaka makampuni yote yaandike vitabu kwa mtindo mmoja. Kitabu kipya kilikuwa na safu ya kila kitu: pamba safi, pamba chafu, mbegu, hata magunia yaliyoliwa na panya. Pamba ya kupunja watu haikuwa na safu. Ikakosa pa kukaa, ikahamia paani.

Siku hiyo mkaguzi wa vitabu alikuwa ameshuka kwa treni, Mzungu mwenye miwani. Tereza akamvizia mlangoni.

"Bwana, ratili zangu sita zile pale juu."

Mkaguzi akapangusa pamba mabegani, akafungua kitabu. "Umeuza thelathini na nne, mama."

"Na zile ni za nani?"

Akapekua kurasa zote, bila haraka. "Hazimo."

"Kama hazimo, mbona paa limepinda?"

"We mama una mdomo!" Venant akadakia. "Nenda ukanyonyeshe."

Mkaguzi akatia sahihi: vitabu safi. Wenye kampuni, huko ng'ambo, wakasoma kwamba faida imepanda.

Jumatatu mume wa Tereza akapelekwa kupasua mawe ya barabara. Angeachiwa siku senti sitini zikitimia.

Alhamisi paa likaanza kulia. Venant akaita akina mama wateremshe pamba, senti moja kwa ratili. Tereza akapanda ngazi. Ndani ya pamba akaokota ushanga mwekundu wa kiunoni mwa mwanawe, uliopotea siku walipovuna. Akaupuliza vumbi, akaufunga kwenye pindo la khanga.

Jioni akapima alichokusanya. Mshale ukasimama kwenye arobaini.

"Thelathini na nne," akasema Venant, akaandika kwenye safu ya mapato mengineyo.

Juu ya paa pamba ikaanza kudondoka tena. Tereza akakaza mbeleko, akarudi kwenye ngazi.