Nauli ya Fundi Hamad

Time alikuwa bado tumboni wakati babake, fundi cherehani Hamad, alipotoka Pemba kwenda kushona sare katika kambi ya Waingereza, kwenye bandari moja ya Arabuni. Alipozaliwa, mamake alimwandikia mumewe kumpa habari. Jibu halikuja. Yakaja mapinduzi, wakahamahama mpaka wakatua Thornton Heath, kusini mwa London, na miaka thelathini na tano yote mama alikuwa na swali moja tu: je, alijua kuwa nimemzalia? Watu walimwambia mume kaoa huko, amsahau. Hakumsahau.

Mwaka 1998 mafaili ya kambi ile yakafunguliwa. Time aliomba ruhusa kazini, alikokuwa akitunza wazee, akapanda treni hadi Kew zinakowekwa nyaraka za serikali. Mlangoni wakamzuilia kalamu yake ya wino, asije akachafua nyaraka, wakampa penseli, mwanamke mzima, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Faili lilikuwa nene. Wakubwa wa London walitakiwa wapunguze gharama za kambi, nao wakapima weee. Kinanda cha maofisa? Kibaki, kinachangamsha. Mvinyo? Ubaki. Nauli za kuwarudisha makwao wapishi, madobi na mafundi, mikataba ikiisha? Zifutwe. Time alitukana kimoyomoyo, tusi la Kipemba lisiloandikika.

Majina hayakuwamo, idadi tu. Alikaribia kulirudisha faili, akafunua karatasi ya mwisho. Juu yake karani alikuwa ameandika kwa Kiingereza: "Barua ya Kiarabu ya mfanyakazi. Mkalimani haielewi. Ihifadhiwe."

Angeielewaje? Herufi zilikuwa za Kiarabu, lakini maneno ni Kiswahili kitupu, kama wazee wa kwao walivyoandikiana siku zote. Time alizijua herufi zile. Alifunzwa utotoni, chuo cha Kurani, kwa bakora. Akazifuata kwa kidole.

"Mimi Hamad, fundi cherehani, naomba nisikatiwe nauli. Nililetewa habari kuwa nina binti, jina lake Time. Sijamtia machoni. Naandika kwetu, sipati jibu. Naamini sasa amekwisha anza chuo. Mshahara nipunguzieni, lakini nauli niachieni."

Time alilia mpaka watu wa meza za jirani wakageuka. Kisha akainakili barua yote kwa penseli yao.

Jioni alimkuta mama ameketi kitandani, macho yamekwisha ingia ukungu. Akamsomea.

"Kumbe alijua."

"Alijua, mama. Na jina langu alilijua."

"Na barua wamekaa nayo miaka yote hiyo, hapana aliyeisoma?"

"Hapana. Wa mwanzo ni mie."

Mama aliipapasa ile karatasi, akaipitishia kiganja kama anayenyoosha kanzu ya mtu, kisha akamrudishia.

"Soma tena, mwanangu. Polepole. Anzia pale anaposema, 'Mimi Hamad.'"