Jina Lisilokuwamo Daftarini

Kwa miaka kumi na tisa daftari la maombi la jumuiya ya Mpendae lilikaa kwa Bi Perpetua, na mtu angelipekua mwanzo hadi mwisho asingelikuta jina la bibi huyo hata mara moja. Yeye ni mzaliwa wa Mbweni, mwalimu mstaafu mwenye mwandiko mzuri, ndiyo maana akapewa kazi hiyo. Kila Alhamisi alasiri Wakristo wachache wa mtaani walikaa mkekani, kila mmoja akataja haja yake, yeye akaiandika, kisha akaisoma kwa sauti ili wote waiombee. Haja ikijibiwa, aliiwekea alama ya wino mwekundu. Mguu wa Mzee Kosmas. Kazi ya hoteli ya Anjelina. Mvua. Hakuna aliyewahi kumwuliza mwandishi kama naye ana lake, na mwandishi mwenyewe alinyamaza. Watu waliuita ukimya huo unyenyekevu. Kama ni unyenyekevu, basi ulikuwa na shingo ngumu.

Alhamisi hii alikuwa na haja kubwa kuliko zote zilizomo humo. Alikuwa na uvimbe kooni. Jumanne angepasuliwa Dar es Salaam, na daktari hakumficha: huenda akatoka na sauti yake, huenda akatoka bila sauti. Daktari alipouliza nani atamsindikiza, alijibu, "Watu wapo." Tiketi ya boti ya Jumatatu alishaikata, moja tu. Mwanawe wa pekee, aliye Mwanza, alipopiga simu alimwambia sauti imekauka kwa mafua.

Alitandika mkeka, akapanga vitabu vinne vya nyimbo, akachemsha chai ya tangawizi. Saa kumi, saa ya kikao, ikapita, na saa kumi na nusu nayo ikapita. Anjelina alituma ujumbe kwamba yuko zamu. Mzee Kosmas alizikwa tangu Pasaka, na familia mbili zilihamia Dodoma. Zamani kikao kilizunguka nyumba hadi nyumba. Sasa kilibaki kwake kwa kuwa hakikuwa na pengine pa kwenda.

Basi akajisomea mwenyewe. Somo lilikuwa waraka wa mtume, ule alioupeleka kwa waumini akiwa kifungoni, na Bi Perpetua alishaufundisha mara saba. Aliupenda mwanzo wake, pale mtume anapoeleza kwamba Mungu alikuwa na kusudi na watu wake tangu kabla ulimwengu haujaumbwa. Hapo alifafanua mpaka chai za watu zikapoa. Mwisho wake hakuwahi kuufundisha. Muda ulikuwa unamwishia kila mara, tena mwisho wa barua ni salamu, na nani asiyejua salamu? Leo hakuwa na mtu wa kumharakisha, akasoma mpaka chini kabisa, kwa sauti ya kukwaruza, akivisomea vitabu vinne vya nyimbo.

Karibu na mwisho akaacha kusoma. Mtume aliyekwisha kueleza siri kubwa za mbinguni alikuwa amefungwa minyororo, na aliwaomba wale wale aliowafundisha wamwombee. Hata minyororo hakuomba ifunguliwe. Aliomba apewe maneno atakapofumbua kinywa. Bi Perpetua alirudia mstari huo mara mbili, akaona haya. Miaka yote alidhani kusudi la Mungu ni jambo la huko juu, na maombi ya watu ni ya huku chini, miguu na mvua. Kumbe mtume alipopewa kusudi lake, alikwenda nalo kubisha kwenye milango ya watu, akakiri kwamba peke yake haliwezi. Bi Perpetua alijionea huruma, akalia.

Mara hodi mlangoni. Alikuwa Saadiya, jirani Mwislamu wa ukuta mmoja, amekuja kurudisha sufuria.

"Shikamoo Bi Perpetua. Wenzenu wapi leo?"

"Marahaba. Hawakuja."

Saadiya aliona macho yale, akauliza kulikoni. Jibu la mafua lilikuwa tayari mdomoni. Saadiya ni mtu ambaye haagani na yeyote, hata muuza samaki, bila kusema tuombeane dua, na siku zote Bi Perpetua humjibu kwamba atamwombea, halafu hufunga mlango.

"Saadiya," alisema, "niombee dua. Mimi."

Saadiya aliweka sufuria chini, akakaa mkekani. Bi Perpetua alimweleza yote, mpaka ile tiketi moja. Kwanza Saadiya alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema ukuta wenyewe mwembamba, kila kikohozi anakisikia, vipi asiambiwe? Kisha akapoa.

"Nikuombee nini hasa? Upone?"

"Niombee sauti. Na kama sauti itakwenda, niombee nisijifiche tena."

"Haya. Na Jumatatu tunakwenda sote. Boti saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

Saadiya alijitanda kanga yake vizuri, akainua mikono, akaanza kuomba kwa Kiarabu, taratibu, bila haraka yoyote. Bi Perpetua alifumba macho. Hakufahamu kitu ila neno moja, ambalo Saadiya alilitaja mara tatu, akivunja matamshi yake kidogo kama alivyozoea. Lilikuwa jina lake. Alilisikiliza mpaka dua ikaisha, ndipo akakumbuka kuitikia amina.