Nguo za Baba Chini ya Ngazi

Ilikuwa saa tisa alasiri katika ndoto niliyoiota usiku wa jana, na kitu cha kwanza nilichokiona ni spika ya kushoto ya redio yangu ikiwa imekaa kwenye kiti changu.

"Hapo ni pa msikilizaji," niliiambia.

"Najua," ilisema. "Leo sema wewe, tusikilize sisi."

Spika ilingoja kidogo, ikashuka, ikarudi mahali pake na kuutazama ukuta kwa dharau.

Chumba chenyewe kilikuwa kama kilivyo nikiwa macho. Ni stoo iliyo chini ya ngazi katika nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga. Dari lake ni mgongo wa ngazi hizo: mlangoni mtu husimama wima, hatua chache mbele huinama, na mwisho kabisa hupita paka tu. Upande mmoja linashuka bomba la maji machafu la wapangaji wa juu. Nilipachagua pawe chumba changu cha kusikilizia kwa sababu hapana dirisha, na kelele za barabarani hazifiki.

Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kusikiliza. Baba yangu alikwenda Maskati kutafuta kazi nikiwa mtoto, na badala ya barua alituma kaseti, kama walivyofanya wengi waliokuwa huko. Imebaki moja. Anamsalimu mama, anamsalimu dada yangu Mwanahawa, anauliza habari za mbuzi, kisha anasema, "Na Hemedi mwambie..." Hemedi ni mimi. Baada ya hapo kuna mngurumo, nadhani wa feni, unaoifunika sauti yake mpaka mwisho. Utotoni hatukuufikia hata huo mngurumo. Jina langu likitajwa tu, mama alibonyeza kitufe kwa kidole gumba, akasema kaseti imekwisha.

Mama alifariki zamani. Baba hakurudi hata mara moja. Mwaka huu alifia hukohuko, akazikwa hukohuko, na sisi tukaletewa sanduku la nguo.

Kwa desturi yetu nguo za marehemu hugawiwa, na arobaini ikipita hazitakiwi kubaki nyumbani. Mimi nilizitundika kwenye kuta za stoo. Nguo nzito hunyonya mwangwi. Hilo ni jambo la kupimika, na kazi yangu ni kukagua mizani za madukani. Dada Mwanahawa alipokuja kuniona alisimama mlangoni akazitazama.

"Hemedi, umemwanika baba ukutani kama samaki ng'onda?"

"Ni nguo, dada."

"Za nani?"

"Ziko kazini. Nikimaliza nitazigawa."

"Ukimaliza nini? Mtu mzima na kaseti yake moja!"

Hayo yalikuwa ya kweli, ya wiki iliyopita. Sasa narudi ndotoni.

Spika ya kulia, ambayo ina adabu kuliko mwenzake, inanikumbusha kanuni. Umbali kati ya spika na spika uwe sawa na umbali wa kutoka kila spika hadi kwa msikilizaji. Pembetatu, pande zote sawa. Nachukua futi ya chuma nipime. Inakataa kufunguka.

"Nimekwisha kukuambia ukweli wa chumba hiki," inasema futi. "Hakitoshi. Unataka niseme mara ngapi?"

Nakaa chini. Kuna kanuni ya pili, ya kioo. Msikilizaji hukaa kitini, na mwenzake hutembeza kioo ukutani; pale msikilizaji anapoiona spika ndani ya kioo, ndipo sauti inapodunda, na ndipo pa kutundika nguo. Sina mwenzangu, kwa hiyo kioo kinajitembeza chenyewe. Kinapita mbele ya kanzu, kinapita mbele ya kikoi, kinasimama mbele ya koti la kijivu.

Ndani ya kioo sikuiona spika. Nilimwona baba, kijana kuliko mimi, ameketi kitandani mbele ya redio kaseti. Juu yake feni ilikuwa inazunguka. Alikuwa amejifunga shuka kiunoni, hana kingine mwilini, na anatetemeka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Mbona huna nguo?"

"Ziko kazini," alisema.

Akainamia redio, akasema maneno yake. Niliiona midomo ikitembea. Maneno yalitoka kwenye kioo moja moja, meupe, madogo kama punje za mchele, yakaelea mpaka ukutani, na nguo zikayala. Shati lilikula moja. Kikoi kilikula moja. Kanzu ilikula moja. Koti la kijivu lilikula yote yaliyobaki, likavimba mifuko.

"Tema," nililiambia koti.

"Ulinitundika ninyonye, nimenyonya. Mkaguzi gani analalamika mizani ikipima sawasawa?"

Lilikuwa limesema kweli.

Dari lilishuka. Nilipoangalia juu, ngazi hazikuwa ngazi tena. Zilikuwa viunza, zile mbao zinazolazwa mshazari juu ya maiti kabla ya udongo kurudishwa, na pengo moja lilikuwa bado wazi. Kuta zilikuwa udongo mbichi. Nguo zilikuwa palepale, zimetundikwa kwenye mizizi. Mchimba kaburi alikuwa amechuchumaa karibu yangu na futi yangu mkononi, na kwake ilifunguka bila ubishi.

"Lalia ubavu wa kulia," alisema.

"Mimi nimekuja kusikiliza."

"Wote walioingia humu wamekuja kusikiliza. Lala."

Nikalala. Alizisukuma spika mpaka zikagusa masikio yangu, moja kila upande, akapima.

"Pande zote tatu sasa ni sawa," alisema. "Zote ni sifuri. Chumba kizuri sana hiki. Sijawahi kuona kilichotulia hivi."

Nilisikiliza. Nilisikia pumzi yangu, kisha shati likainyonya. Nilisikia damu ikipita masikioni, kisha kanzu ikaivuta nayo. Moyo ulipiga mara chache nikiusikia, halafu ukaendelea, au haukuendelea. Sikuwa na njia ya kuhakikisha. Mchimba kaburi alishika kiunza cha mwisho.

"Na nguo hizi?" aliuliza. Nilimwelewa kwa kumtazama mdomo, maana sauti yake haikufika. "Watu huniachia mwili tu. Nguo huzigawa. Hizi zikibaki humu zitakumaliza, halafu zitaanza kuninyonya mimi, na mimi nina kaburi jingine la kuchimba alasiri hii. Unazitoa, au nifunike?"

"Chukua shati," nilisema.

Alilivaa papo hapo. Lilipotoka ukutani lilitema neno lake: *Na.* Pumzi yangu ikasikika. Ndani ya kioo, baba alikuwa anafunga vifungo vya shati.

Mlango ulikuwepo tena, na nje yake majirani wamepanga foleni na ndoo, kama siku ya maji. Nilimpa muuza kahawa kikoi. *Hemedi.* Nilimpa mpangaji wa juu kanzu, akaniuliza kama nina ya mikono mifupi. *Mwambie.* Moyo ukarudi kwenye kipimo chake. Kila nguo iliyotoka, baba aliivaa upande wa pili, lakini meno yake yalikuwa bado yanagongana.

Likabaki koti.

"Nikikutoa utaondoka na maneno," nililiambia.

"Nitaondoka nayo. Ukinibakisha yatabaki. Humu."

"Nitayasikia?"

"Utakuwa nayo," lilisema koti. "Sikusema utayasikia."

Nililishusha nikalikumbatia. Wa mwisho kwenye foleni alikuwa mama. Mikono yake ilikuwa imepakwa hina mbichi, na alikuwa ameinyoosha mbele ili isiguse kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lete hilo koti nimpelekee. Amekaa na feni muda wote huo, mwenzio."

"Kwa nini ulikuwa unazima kaseti?"

Mama aliniangalia kama ninayeuliza bei ya kitu nisichotaka kununua.

"Ulikuwa unakula vizuri ukiwa unangoja," alisema. "Kila teksi iliposimama ulikimbilia kizingitini na sahani yako. Hujui ulivyokuwa mgumu wa kula. Ningekulisha kwa kitu gani kingine?"

"Nina miaka hamsini na mbili, mama."

"Na bado umekaa mlangoni."

Nilijitazama. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha stoo, na sahani ya wali ilikuwa mapajani mwangu, imepoa.

Nilimpa koti. Mkono wa kulia ulitii. Wa kushoto ulikataa kuachia, na spika ya kushoto ilikuja ikaufungua kidole kimoja kimoja, bila dharau safari hii. Mama alilivaa juu ya kanga. Alipita mbele ya redio yangu, akabonyeza kitufe kwa kidole gumba kama zamani, kisha akaanza kupanda ngazi.

Ngazi zilikuwa ngazi tena. Alipanda juu ya kichwa changu, taratibu, na kila alipokanyaga kipandio kimoja, mifuko ya koti iliangusha neno kwenye dari, na neno likashuka kwangu safi, bila mwangwi wala feni.

*Asikae. Tena. Mlangoni. Mimi. Sirudi.*

Kisha nyayo zikaisha.

"Umesikia?" iliuliza spika ya kulia.

"Nimesikia."

"Basi," ilisema, na zote mbili zikageukia ukuta.

Niliamka kwa adhana ya alfajiri. Niliingia stooni na taa. Nguo zote zilikuwa kwenye misumari yake: shati, kikoi, kanzu, koti la kijivu. Mifuko ya koti ilikuwa mitupu. Spika zilitazama kiti, kama nilivyoziacha. Kaseti ilikuwa ndani ya redio. Niliicheza. Baba alimsalimu mama, akamsalimu Mwanahawa, akauliza habari za mbuzi, akasema, "Na Hemedi mwambie," na feni ikanguruma mpaka mkanda ukaisha. Hapakuwa na lililobadilika.

Asubuhi Mwanahawa alikuja na mfuko mkubwa wa nailoni.

"Nimekuja kuzichukua, na usinijibu," alisema akiwa bado barazani.

"Chukua."

Alisimama. "Zote?"

"Zote. Anza na koti."

"Unaumwa?"

"Siumwi, dada."

Aliingia akainama, akazikunja moja moja, akaliweka koti juu kabisa. Halafu akaisogeza redio ili apite, akaitazama kwa karibu.

"Nani kapaka hina humu ndani?"

Juu ya kitufe cha kuzimia kulikuwa na tope la hina, si kubwa kuliko ncha ya kidole. Lilikuwa bado bichi. Mwanahawa alinionyesha mikono yake pande zote mbili. Haikuwa na kitu. Nililifuta kwa kidole gumba.

Saa sita mchana kidole kilikuwa chekundu mpaka kwenye ukucha. Nilikisugua kwa sabuni, kisha kwa jiwe. Rangi haikutoka.