Blanketi Lisilopitiwa na Sindano

Mkasi ulikuwa wa Chiku. Mkeka ulikuwa wa Chiku. Hata binti aliyekunja miguu juu ya mkeka huo, akicheka hadi machozi yanamtoka, alikuwa wa Chiku, amemzaa mwenyewe na kumlea mwenyewe. Mgeni pale alikuwa Bi Sophia peke yake, na ndiye aliyekuwa ameitawala sebule nzima.

Bi Sophia alikuwa mama yake Ridhiwani, mume wa binti huyo, Mboni. Tangu Mboni arudi kwao Kariakoo kujifungua mtoto wake wa kwanza, mama huyo hakukosa hata siku moja. Kila alasiri bajaji ilimshusha kutoka Upanga akiwa na chupa ya uji wa pilipili manga, ingawa jikoni kwa Chiku ulikuwepo uji mwingine, tena wa moto. Siku hiyo, mtoto akiwa na siku thelathini, alikuja pia na vipande viwili vya kitambaa kizito chenye vinyweleo laini, kimoja cha manjano, kingine chenye picha za twiga.

Akavilaza kimoja juu ya kingine. Akapunguza kingo zilingane, akakata kimraba katika kila pembe, kisha akaanza kuchana pindo lote kuwa vikanda vyembamba, kila kimoja upana wa vidole viwili. Mboni akafuata nyuma yake, akishika kikanda cha juu na cha chini na kuvifunga pamoja. Fundo moja, la pili, la tatu, Bi Sophia naye akifunga upande wa pili.

"Sindano hata moja?" Chiku aliuliza kutoka kwenye cherehani yake mlangoni.

"Hata moja, mkwe wangu. Nimeona kwenye simu. Mimi na sindano tuliachana tangu shule ya msingi."

"Mama, njoo ujaribu," Mboni alisema.

"Nina nguo ya mtu hapa," Chiku alijibu, akakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi kuliko nguo ile ilivyohitaji.

Alikuwa fundi kwa miaka thelathini na mmoja pale barazani. Amewashonea maharusi, amewashonea watoto wa maharusi hao. Na kwa mjukuu wake alikuwa ameshona shuka jeupe lenye lesi pembeni na maua ya uzi wa hariri katikati, kazi iliyomchukua miezi miwili na kumwacha na maumivu ya shingo. Katika nyumba yao, mtoto akitimiza siku arobaini hutolewa barazani kwa mara ya kwanza, akiwa amefunikwa nguo iliyoshonwa na mama wa mama yake, na wanawake wa mtaa huja kumwona. Chiku mwenyewe alitolewa hivyo. Mboni alitolewa hivyo.

Lakini kichanga hakujua habari ya lesi. Tangu lile blanketi la mafundo limalizike, ndilo alilolalia. Alikamata fundo moja kwa vidole vyake na kutulia kimya. Shuka jeupe lilibaki ndani ya mfuko wa nailoni juu ya kabati. Chiku alipomfunika nalo kwa makusudi, mtoto alilia. Mboni akalikunja taratibu na kulirudisha, na Chiku akatoka nje asije akasema neno.

Siku ya thelathini na saba Mboni alisema, bila kumtazama mama yake usoni, "Nafikiri tumtoe na lile la mafundo, mama. Amelizoea."

"Sawa," alisema Chiku.

Haikuwa sawa hata kidogo. Alisukuma sahani pembeni, wali haujaisha. Aliwaza wanawake wa mtaa mzima, wateja wake, wakija kutazama mjukuu wa fundi amefunikwa kitu ambacho hata mtoto wa darasa la tatu angeweza kukifunga. Na wakiuliza kazi ya nani, jina litakalotajwa si lake.

Kesho yake mchana Mboni na mtoto walikuwa wamelala baada ya kuoga. Blanketi lilikuwa kwenye kamba uani, limekauka. Chiku alilianua. Alijiambia kwamba fundo linaweza kumwingia mtoto mdomoni. Alijiambia kwamba pindo lisilofungwa kwa uzi litachanika kwa kufuliwa. Alijiambia mengi, mkasi ukiwa tayari mkononi.

Akakata mafundo yote, pande zote nne, yakidondoka kwenye kapu la mabaki. Kisha akakunja pindo, akalipitisha chini ya sindano, akashona mstari ulionyooka. Nusu saa haikupita. Blanketi likawa safi, la kifundi, na hakuna aliyeweza kusema mkono wa Sophia ulilipitia.

Ni pale alipokuwa anakusanya mabaki ndipo vidole vyake vilipogundua jambo. Fundi huujua mkono wa mtu. Mafundo ya Sophia yalikuwa bapa, yanayofanana. Mengine yalikuwa tofauti: yamezungushwa mara mbili, na mkia umepenyezwa chini ili usichomoze. Chiku alilitazama moja kwa muda mrefu. Hivyo ndivyo yeye anavyofunga nguo za wateja kwa ukanda wa mabaki kabla ya kuwakabidhi. Hakuwahi kumwona mtu mwingine Kariakoo nzima akifunga hivyo. Na hakukumbuka kumfundisha mtu.

Alichokumbuka ni mtoto wa miaka saba amesimama kando ya cherehani, na sauti yake mwenyewe ikisema: toka hapo, utaharibu, nguo ya mtu hiyo.

"Mama." Mboni alikuwa amesimama nyuma yake na mtoto begani. Alitazama blanketi, akatazama kapu. "Umefanya nini?"

"Nilitaka kulinyoosha."

"Nani alikuomba?"

Chiku aliingiza mkono kapuni. Akainua lile fundo. "Hili ni lako. Nani alikufundisha?"

"Si wewe!" Mboni alisema kwa hasira. "Miaka yote nilikaa pale kizingitini. Kulikuwa na nini kingine cha kutazama?"

Mtoto akaanza kulia. Mboni alimbembeleza, huku naye akifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Ni wivu, mwanangu," Chiku alisema. "Nimeshikwa na wivu hadi nimekuwa mjinga."

Mboni alimhamishia mtoto bega la pili. Chiku akachukua kifumulio, akaanza kuufumua mshono wake, uzi baada ya uzi. Alipomaliza alitandika mkeka, akaketi chini kwa shida ya magoti, akasukuma mkasi upande wa binti yake.

"Anza kukata wewe," alisema. "Mimi sijui vinatakiwa upana gani."

Siku ya arobaini udi ulifukizwa tangu asubuhi. Bi Sophia aliwasili mapema. Alimbusu mjukuu, akalishika blanketi, akalipima kwa shibiri kutoka pembe hadi pembe. Kisha akarudia.

"Limepungua."

Mboni alimtazama mama yake. Nje, wanawake wa kwanza walikuwa wanavua viatu barazani.

"Nililikata mimi, mkwe," alisema Chiku. "Mafundo yako nimeyatupa. Haya tumefunga upya, mimi na Mboni."

Bi Sophia aliliachia blanketi. Uso wake ulikuwa umekakamaa, na Chiku alijua kabisa kile anachokisikia, maana amelala nacho siku kumi. Mboni alichukua shuka jeupe, akamviringisha mtoto nalo. Mtoto akakunja uso, lakini blanketi lilipowekwa juu na fundo likamfikia mkononi, akatulia. Lesi yote ilifichika ndani. Hakuna atakayeiona, na Chiku aliumia, hata sasa.

Bi Sophia aliinama, akapitisha vidole kwenye pindo, akasimama kwenye fundo moja.

"Hili limelegea," alisema.

Lilikuwa la Chiku. Bi Sophia alishika mkia mmoja, akamwachia mwingine.

"Vuta," alisema, na Chiku akavuta.