Kope za Dada

Watu walimwita Kipimo, na hawakumsingizia. Alikuwa mpiga picha wa harusi na mahafali, mwenye lenzi tatu tu, zote zile zisizovuta: ukitaka kumsogelea mtu, unatumia miguu yako mwenyewe. Ya milimita thelathini na tano kwa chumba na waliomo. Ya hamsini kwa mtu na mikono yake. Ya themanini na tano kwa uso. Ukisikia tatu usidhani alizipata kirahisi. Kwa kila urefu alinunua moja, akaipima, akaikataa, akaiuza, akanunua nyingine, miaka kumi na tisa, mpaka mkewe akasema kama yeye angechaguliwa kwa umakini ule angejiona malkia.

Asubuhi hiyo zote tatu zilikuwa juu ya kitanda cha dada yake, na Kipimo hakujua ashike ipi. 

Dada yake alikuwa mshona mapazia, mkubwa kwake kwa miaka sita. Saa nne teksi ingekuja kumpeleka hospitali. Mchana ule ule daktari angemtoa uvimbe pamoja na kipande cha taya la kulia. Daktari hakumficha kitu: uzima tutautafuta, mama, lakini sura haitarudi ile ile. Ndipo alipompigia simu mdogo wake. "Njoo unipige picha," alimwambia. "Nataka uso wangu ubaki mahali."

Kipimo alianza na ya themanini na tano, kwa sababu uso ni uso. Akarudi nyuma hatua moja, mgongo ukagonga kabati. Akatoka mlangoni, akarudi nyuma tena.

"Uko wapi?" dada akauliza.

"Huku koridoni."

"Basi ungenipigia kwa simu tu."

Akarudi ndani, akafunga ya hamsini kwenye kamera. Akaitazama, akaifungua. Saa ya ukutani ilisema imebaki robo saa.

"Kwani shida iko wapi, mdogo wangu?"

"Ile kubwa inataka nafasi, na hapa hakuna. Hii ya kati siiamini kwenye mwanga huu. Hii ndogo ukisogea nayo inakuza pua."

"Pua hii ya baba? Iache ikue, haina pa kwenda." Halafu akakumbuka jambo, uso ukamchangamka. "Wewe, mbona tunahangaika? Chukua zile za zamani. Umenikalisha dirishani mara ngapi? Dada njoo ukae, dada usipepese. Si utachagua moja humo?"

 Kipimo alijishughulisha na kifuniko cha lenzi, akakifunga, akakifungua.

"Hazipo."

"Zimepotea?"

"Nilizifuta."

Afanyeje, ndivyo alivyozoea. Kila lenzi mpya aliipima kwa dada yake, kwa kuwa alikuwa na kope ndefu na utulivu wa mtu wa sindano. Akishapiga, aliikuza picha mpaka jicho moja lijae kioo cha kamera, akazihesabu kope. Zikionekana moja moja, lenzi inabaki. Zikishikana, lenzi inauzwa. Iwe hivi au vile, picha ilifutwa, isijaze kadi. Hata siku moja hakuirudisha nyuma amwone mwenye kope.

"Zote?"

"Zote, dada."

"Miaka kumi na tisa," dada akasema taratibu, "unaniangalia kope."

Hakufoka. Akarudi kufunga kilemba chake mbele ya kioo. Kipimo angeona afadhali atukanwe. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Nje honi ikalia.

"Ipi inakulazimisha uje karibu?" dada akauliza bila kugeuka.

"Thelathini na tano."

"Funga hiyo."

Akaifunga. Akasogea mpaka magoti yakagusa kitanda alichokalia dada. Kwa karibu vile aliona kidevu chake kikitetemeka, kidogo kidogo.

"Unaogopa?"

"Naogopa kama mtoto. Piga basi, na pua usiisahau."

Akacheka mwenyewe kwa alichosema, na Kipimo akabonyeza. Honi ikalia tena. Alitaka ya pili, lakini dada alikuwa ameshasimama. Akainua kamera aikuze picha kama kawaida yake, mkono wa dada ukafunika kioo.

"Leo hunikagui. Toa kadi."

Akaitoa. Dada akaitia kwenye pochi, zipu ikafungwa, wakatoka.

Hospitali, kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji, dada alimkabidhi pochi hiyo. "Kadi imo humu. Ukiifuta picha yangu tutakosana. Mdomo utakuwa hauongei, lakini nitakuandikia."

Kipimo alikaa kwenye benchi akavumilia saa nzima. Kisha uvumilivu ukamwishia: akafungua zipu, akairudisha kadi kwenye kamera. Akaikuza picha mpaka jicho likajaa kioo.

Kope zilikuwa zimeshikana kama uzi uliolowa. Akasogeza pembeni. Kilichotoka wazi ni sikio, na kitundu cha hereni, safi kuliko kitu chochote alichowahi kupiga. Alikosea. Alipewa nafasi moja, akakosea, na uso ule muda huu ulikuwa chini ya kisu.

Kidole gumba kikaenda chenyewe mahali kilipozoea kwenda. Kioo kikauliza: Futa picha? Ndiyo. Hapana.

 Akabonyeza Hapana.

Kisha akafanya asichowahi kufanya. Akaipunguza picha, jicho likawa macho mawili, macho yakawa uso, uso ukawa dada yake amekaa kitandani na kilemba kimelegea upande, anacheka na taya lake lililovimba, anaogopa, na pua ya baba imezidi kidogo. Kipimo akalia pale kwenye benchi, watu wakimwona, wala hakujificha.

Muuguzi akatokea mlangoni na karatasi mkononi. "Ndugu wa mama wa taya ni nani hapa?"

Akaitoa kadi, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Ni mimi," akasema, akasimama.