Jina la Tano

Chausiku binti Mhina alikuwa na kazi mbili pale kijijini: kulima shamba la ujamaa kama kila mtu, na kutunza vitabu, kazi ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Chumba cha kusomea kilikuwa kando ya ofisi ya kijiji, nje kidogo ya Sindeni. Kilikuwa na mabenchi mawili, kabati lisilofungika na vitabu themanini na kitu vilivyoletwa na watu wa elimu ya watu wazima. Wengi walikuja kukaa kivulini tu. Chausiku alijua, wala hakununa. Alisema mtu akikaa karibu na kitabu siku thelathini, ya thelathini na moja atakifungua, walau apepee inzi.

Kitu kimoja kiliwaleta watu bila kubembelezwa: jarida la maktaba ya chuo kikuu, kutoka Dar es Salaam. Lilikuwa karatasi nne zilizobanwa kwa pini, likija na posta kila baada ya miezi mitatu, likitangaza vitabu vipya, ramani, picha za zamani, na nani ametoa nini. Wanakijiji wasingeviona vitu hivyo maisha yao yote, lakini walipenda kuvisikia, kama mtu anavyopenda kusimuliwa harusi ya kwa tajiri. Chausiku alilisoma kwa sauti mwanzo hadi mwisho, hata anwani. Aliwahi kuiruka anwani, wazee wakamwambia anawapunja.

Mwezi wa tatu mwaka 1975 jarida lilifika likiwa na habari za Handeni kwenyewe. Basi chumba kikajaa, wengine wakachungulia dirishani.

"Maktaba imepokea masimulizi ya wazee wa Handeni," alisoma Chausiku, "yaliyonaswa kwenye kanda mwaka 1966 na mwanafunzi wetu, na sasa yamepigwa taipu. Kwa mfano, hii hapa ni orodha ya wahenga wa ukoo mmoja wa Kizigua, kwa mpangilio wa kufa kwao, kama alivyoitaja Mzee Mhina."

Watu wakaangua kicheko. Hakuna asiyekijua kisa kile. Mwanafunzi alifika na mashine yake adhuhuri, akamwomba Mzee Mhina, babaye Chausiku, amtajie waliotangulia katika ukoo wao. Sasa majina ya wafu kwa Mzee Mhina hayakuwa ya kutamkwa hovyo. Yaliitwa makaburini, siku ya tambiko, kwa unga na maji, na mwenye ukoo peke yake. Lakini kumnyima mgeni nayo ni aibu. Mzee akatupa jicho uani, ambako watu wake walikuwa wanapukuchua mahindi, akawataja hao hao, mmoja mmoja kama walivyokaa. Mwanafunzi akashukuru sana. Alipoondoka watu walicheka hadi wakashika mbavu, na kwa miaka kadhaa ukawa utani wa nyumba ile: marehemu, njoo ule, marehemu, umefunga mbuzi?

"Moja, Athuman," alisoma Chausiku. Kicheko tena. Athuman, baba yake mdogo, aliumwa na nyoka mwaka 1968.

"Mbili, Zamda." Huyo ni shangazi yake, aliyefariki miaka miwili baadaye. Waliocheka sasa walikuwa wachache.

"Tatu, Semboja." Kaka yake, aliyeugua kifua akiwa kibarua Ngombezi, akarudishwa nyumbani amelazwa. Hakuna aliyecheka.

"Nne, Salimu."

Salimu alikuwa mume wake. Tumbo lilimshika wiki ile ile waliyohamishiwa kijiji kipya, siku mbili tu, akazikwa kabla hawajamaliza kuezeka. Miezi saba ilikuwa imepita. Chausiku aliona jina la tano kabla hajalifikia, akataka kunyamaza, lakini mdomo uliozoea kusoma kila kitu haukumsikiliza.

"Tano, Hamisa."

"Abee, mama!"

Binti yake wa miaka tisa aliitika kutoka nje, akaja mbio hadi mlangoni, vumbi limemjaa magotini. Siku ile ya mwanafunzi alikuwa mchanga, amelala mgongoni kwa mama yake. Akatazama watu, watu nao wakamtazama. Chausiku alilikunja jarida bila kusoma jina la sita, ambalo lilikuwa lake mwenyewe. Kwa mara ya kwanza hakuna mzee aliyelalamika kwamba amepunjwa.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja kukaa kivulini. Wanawake kisimani walimsalimu Chausiku vizuri, hata kupita kiasi, na walimwita Hamisa "wewe mtoto" badala ya jina lake. Siku ya tatu Hamisa akapata homa. Zahanati wakampa dawa na sindano. Homa ikashuka asubuhi, ikarudi jua lilipokaa utosini, saa ile ile aliyofika mwanafunzi na mashine yake. Ikawa hivyo kila siku. Chausiku alikuwa mtu wa vitabu, alijua habari za mbu na malaria na angeweza kuzieleza mbele ya mkutano. Akimgusa mwanawe shingoni saa sita mchana, ujuzi wote huo ulimtoka, akabaki na hofu tupu.

Akamwendea baba yake.

"Shikamoo, baba. Jina la mtoto lifutwe. Uliyeliita ni wewe."

Mzee Mhina alikuwa amekonda wiki ile kuliko mgonjwa mwenyewe. "Marahaba, mwanangu. Unadhani sijaenda? Nilikwenda kule kijiji cha zamani, na unga wangu na maji yangu. Nyasi zimemeza kila kitu. Nilizunguka tangu asubuhi, sikuona kaburi hata moja. Ningemwambia nani sasa?"

"Basi sema hapa hapa."

"Nilichosema kwa mdomo ningekirudisha kwa mdomo. Hicho kimeandikwa. Huko kwenye karatasi yao wanaitwa kila anapofungua mtu." Akafuta macho kwa pindo la kanzu. "Na wanafuata mpangilio, Chausiku. Sijaona aliyerukwa."

Chausiku alikwenda nyumbani na neno hilo la mwisho. Usingizi haukumjia.

Jarida lilitangaza pia kwamba mkutubi wa chuo kikuu, Bwana Valerian, angefika Korogwe kufanya semina na watunzaji wa maktaba za vijijini. Chausiku alimwacha Hamisa kwa babu yake, akapanda lori la mahindi. Walipopita mashamba ya mkonge ya Ngombezi alimkumbuka Semboja, akageuza uso upande wa pili.

Bwana Valerian alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Alifurahi kweli kumwona mtu aliyesoma jarida lake. Akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, na hakucheka. Kisha akatoa faili la masimulizi yale, alilokuja nalo kuwaonyesha wanasemina, akamwonyesha ukurasa wenyewe.

"Pole sana, mama. Pole kwa misiba yote hiyo. Lakini sisi hatufuti. Mzee mwenyewe aliyataja, na sauti yake iko kwenye kanda. Tukianza kufuta, kesho mwingine atafuta ya mwenzake."

"Aliwataja walio hai. Aliogopa kuwaita wafu."

"Basi anipe majina ya wafu wenyewe, niyaweke mahali pa haya."

Chausiku akatikisa kichwa. Alishamwomba baba yake. Afadhali angemwomba akate mkono, kwa sababu kwake kuyatoa yale yaandikwe kungekuwa kurudia kosa lile lile, safari hii kwa wafu wenyewe.

"Hakuna kingine?" aliuliza.

Mkutubi alipindua karatasi. "Kuna kitu kidogo tu. Mwanafunzi ameandika hapa chini kwamba kanda ilikwaruza mwishoni. Hakuwa na hakika, kati ya jina la tano na la sita, lipi lilitangulia. Amekisia. Hilo naweza kulisahihisha kama mtu wa ukoo atathibitisha kwa sahihi yake. Lakini sidhani linakusaidia."

Chausiku alijiona mwepesi ghafla, kama aliyetua mzigo wa kuni. Mumewe, kaka yake, shangazi na baba mdogo, wote aliwahisi wamesogea kidogo, wakampisha mahali pa kukaa. Aliogopa. Alifurahi pia, na hakuona haya kufurahi.

"Linanisaidia," alisema. "La tano ni Chausiku. Nilikuwepo, nakumbuka. Hamisa ni wa sita."

Bwana Valerian aliingiza karatasi kwenye taipureta. Akaandika kichwa cha habari, *Sahihisho*, na majina manne ya mwanzo, kisha akauliza jina kamili la huyo wa tano.

"Chausiku binti Mhina."

Herufi zikagonga moja moja. Mkono wake ukasimama ghafla. Alitazama orodha ya wahudhuriaji wa semina iliyokuwa mezani, akamtazama mwanamke aliyekaa mbele yake, na miwani ikamteleza puani.

"Mama," alisema polepole, "huyu Chausiku..."

"Andika, Bwana Valerian. Mtoto ana homa, na lori linaondoka saa tisa."

Akaandika. Alipotaka kushuka mstari wa sita, Chausiku akamshika mkono.

"Acha nafasi kwanza."

"Nafasi kiasi gani?"

"Kadiri karatasi itakavyokubali."

Mkutubi hakubisha. Alizungusha rola, karatasi ikapanda mstari baada ya mstari, nyeupe tupu, hadi ikabaki na ncha ya chini peke yake. Hapo, mwisho kabisa, ndipo alipoliandika jina la Hamisa. Chausiku akatia sahihi, akakunja nakala yake, akaaga.

Alifika nyumbani jua linakuchwa. Hamisa alikuwa ameketi mlangoni kwa babu yake, bakuli la uji mapajani, akilalamika kwamba sukari ni kidogo. Homa ya siku ile haikuja.

"Wamefuta?" aliuliza Mzee Mhina.

"Wamesahihisha," alijibu Chausiku, akamfungulia ile nakala. Mzee hakujua kusoma, lakini aliona mistari mitano imesongamana juu, weupe mrefu, na mstari mmoja chini peke yake. Akamtazama binti yake. Akakitwaa kilemba chake akafunika uso, na mabega yakaanza kutikisika.

Chausiku hakukaa kumbembeleza. Alimshika Hamisa mkono, wakaenda nyumbani, akamwonyesha mbegu za mahindi zinapotundikwa juu ya meko, na za kunde, na jinsi ya kufukia moto ili asubuhi usiombwe kwa jirani. Akamwonyesha kasha lenye kitambulisho cha marehemu baba yake na kanga ambazo hazijavaliwa.

"Mama, kwani unasafiri tena?" aliuliza Hamisa.

"Si leo," alisema Chausiku. "Haya, niambie wewe sasa. Mbegu za kunde ziko wapi?"